Hakimu na Mita Yake

Kiwandani walimwita Hakimu, na jina hilo hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kuvipima vipimo. Ubavuni mwa matangi ya kuchemshia sabuni kulifungwa vidude vya chuma vya ukubwa wa ngumi, vingine vya kuhisi joto, vingine vya kuhisi kina, na vyote vilituma habari zake kwa waya mpaka chumba cha skrini. Kidude kikishukiwa, Hakimu alifika na mita yake ya mkononi, akafungua kifuniko, akachomoa waya mmoja na kuipachika mita katikati, ili umeme usipate njia nyingine ila kupita tumboni mwake. Kisha alisoma. Kipimo kizima hutuma mkondo wa kati ya miliampea nne na ishirini. Kinachotuma sifuri kimekufa. Hapo Hakimu alikifunga kitambaa chekundu shingoni, na kesi ilikuwa imekwisha. Rufaa haikuwapo.

Mita yenyewe haikuguswa na mkono mwingine. Ilikaa kiunoni mwake ndani ya mfuko wa ngozi, ikaenda naye msalani, ikaenda naye harusini. Mkewe aliwahi kusema kwamba nyumba ikishika moto ndipo atakapojua mumewe anampenda nani, na Hakimu alipoulizwa akajibu kwamba mke ana miguu yake. Katika miaka yote ya kazi hakuna aliyemsikia akisema "nimekosea." Walimsikia akisema waya umekosea, mvua imekosea, na mara moja, alipokuwa amebanwa kweli, akasema Jumatatu imekosea.

Mtu kama huyu akipewa shemeji kazini, ni heri shemeji aombe dua mapema. Mdogo wa mkewe alikuwa ameajiriwa pale kuangalia matangi zamu ya mchana. Alikuwa bado kwenye majaribio; mwezi ukiisha salama angethibitishwa, na kwa kazi hiyo ndiyo angemtunza mama yake, ambaye tayari alishaacha kusema "binti yangu" na kuanza kusema "binti yangu wa kiwandani," hata kwa wauza mboga ambao hawakuuliza. Binti alikuwa makini. Kila alipomaliza zamu aliosha sakafu kwa mpira wa maji kama waangalizi wote, ila yeye kwanza alivifunika vipimo kwa mifuko ya nailoni, kimoja kimoja, mithili ya mama anayewavisha watoto makoti.

Jumapili moja Hakimu na mkewe walikwenda kumsalimia mama mkwe. Friji yake ilikuwa imegoma kugandisha. Mkwe mwingine angekaa kwanza, akanywa maji, akauliza hali ya miguu ya mama. Hakimu aliuliza soketi iko wapi. Akaichomoa mita kiunoni, akazungusha kitufe kwenye volti kama inavyotakiwa, akazidumbukiza ncha zote mbili kwenye tundu za umeme ukutani. Kwa bahati mbaya waya mwekundu alikuwa ameuacha kwenye tundu la kupimia mkondo, pale alipouchomeka Ijumaa kazini. Kosa hili fundi hufundishwa siku ya kwanza asilifanye, na Hakimu mwenyewe ndiye aliyekuwa akilifundisha. Kukasikika tap, cheche ikaruka, nyumba nzima ikazimika pamoja na kipindi alichokuwa akikitazama mama mkwe.

Hakimu aliitazama soketi kwa huzuni na kutamka kwamba soketi ni mbovu. Soketi ikabadilishwa. Ndani ya mita, fyuzi ndogo inayolinda njia ya mkondo ilikuwa imekata roho, lakini nani angeshuku? Kwenye volti mita iliendelea kusoma kama kawaida, maana volti hazipiti kwenye fyuzi hiyo. Mgonjwa alikuwa anatembea, anakula na anasalimia watu. Upande mmoja tu wa mwili ndio uliokufa.

Siku chache baadaye tangi la kwanza likaonyesha joto la chini kuliko mazoea. Kwa kweli mvuke ulikuwa mdogo siku hiyo, lakini Hakimu hakuitwa kupima mvuke. Akafungua kifuniko, akachomoa waya, akapachika mita. Sifuri. Akamwuliza kwa redio mtu wa skrini anaona nini, na mtu wa skrini akajibu kwamba haoni kitu, kipimo kimepotea kabisa. Ushahidi gani tena? Mita imesema na skrini imesema. Ila mita yenye fyuzi iliyokatika haipitishi umeme hata kidogo, kwa hiyo Hakimu kwa kuipachika alikuwa ameukata waya kwa mkono wake mwenyewe. Kipimo kilikuwa hai mpaka daktari alipofika kukipima.

Akakifunga kitambaa chekundu, akafunga kipimo kipya kutoka stoo, akaunganisha waya moja kwa moja, na skrini ikawaka namba. Kipya hakukipima, maana mgeni hapekuliwi mlangoni. Kesho yake, kwa kuwa ameshaonja damu, akaamua kuvikagua na vingine. Vya tangi la pili na la tatu navyo vikafa mikononi mwake, kwa utaratibu uleule na ushahidi uleule.

Hukumu bila sababu haipendezi, kwa hiyo Hakimu akatafuta sababu. Vipimo vitatu, matangi matatu, zamu moja ya mchana, mtu mmoja mwenye mpira wa maji. Akatamka kwamba maji yameingia. Kiwandani pale palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyejua imeanzishwa na nani: kipimo kikifa kwa uzembe, aliyekuwa zamu ndiye anayejibu. Meneja akaitisha kikao, na kila mtu alijua mwangalizi aliye kwenye majaribio huitwa kikaoni kwa ajili gani.

Shemeji alimfuata nyumbani jioni hiyo. Hakulia wala hakupaza sauti. Alieleza kwamba huvifunika kila siku, kwamba hata mifuko ya nailoni ananunua mwenyewe, na akamwomba apime tena, mara moja tu, kabla ya kikao. Mkewe Hakimu alisimama mlangoni akisubiri mumewe aseme neno la kibinadamu.

"Shemeji," Hakimu alisema, "undugu haupiti kwenye waya. Unaopita ni umeme, na umeme haukupita."

Mkewe akaondoka mlangoni. Usiku ule Hakimu alikula peke yake, akajisifu moyoni kwa kutopendelea jamaa.

Kilichomwumbua ni mtu wa stoo, ambaye alichoka kutoa vipimo vipya na kukataa kutoa kingine mpaka kipimwe mezani kwanza. Hakimu akaona ni upuuzi, lakini alasiri ya siku ya kabla ya kikao alibaki peke yake karakanani, akafungua boksi, akaunganisha kipimo kipya, akapachika mita. Sifuri. Akakitazama kipimo kwa dharau na kukiwekea kitambaa chekundu. Akafungua boksi la pili. Sifuri. Mkono wake ukaenda kwenye kitambaa, ukasita. Hata yeye, na ubishi wake wote, alishindwa kuamini kwamba shemeji amevimwagia maji vipimo vilivyo ndani ya maboksi yaliyofungwa kwa gundi.

Akafanya jambo ambalo huwafundisha wengine walifanye kila asubuhi kabla ya kazi, na ambalo yeye hakulifanya kwa sababu asubuhi ni za wanafunzi. Akageuza kitufe kwenye kupima ukinzani, akauchukua waya wa mita na kuigusisha ncha yake kwenye tundu la mkondo la mita hiyohiyo, ili ijipime yenyewe. Fyuzi nzima ingeonyesha namba ndogo. Mita ikamwonyesha kwamba njia imekatika. Akajaribu tena na tena, na hapo ndipo aliposikia upya ule mlio wa tap nyumbani kwa mama mkwe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Cha Hakimu kilikuwa kiunoni.

Akabadilisha fyuzi. Akavirudisha mezani vile vitatu vya kitambaa chekundu, kimoja baada ya kingine, na vyote vikatoa mkondo safi, bila kinyongo. Aliona haya, haya ya kweli, ambayo humpanda mtu masikioni. Alikuwa ameiokota ile fyuzi iliyoungua, hajui aifanye nini, aliposikia viatu vya Meneja vikija. Akaitupa kwenye pipa la takataka, ambalo jioni humwagwa kwenye tanuri.

Meneja akaviona vipimo vikiwa hai mezani, akashangaa, akauliza amevifanyaje.

Hapa palikuwa mahali pazuri kabisa pa kusema ukweli. Mtu mmoja tu alikuwa anasikiliza, mlango umefungwa, na ukweli ulikuwa bado mdogo. Lakini mdomo wa Hakimu ulikuwa na mazoea yake.

"Nimevikausha," alisema.

Meneja akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kwa hiyo kweli vilikuwa na maji, alisema. Alikuwa na wasiwasi kidogo, sasa amepata uhakika. Akampiga Hakimu begani na kwenda zake.

Asubuhi ya kikao shemeji alikaa mwisho wa meza, mikono magotini, amevaa sare aliyoipiga pasi kama ndiyo itakayomtetea. Alipoulizwa, alisema huvifunika. Alipoulizwa kwa nini basi vilikuwa na maji mpaka vikahitaji kukaushwa, alirudia kwamba huvifunika kila siku. Alimtazama Hakimu, akainamisha macho. Hakimu alikuwa amepanga kunyamaza. Alishajiambia usiku kucha kwamba akinyamaza hatakuwa amesema uongo wa pili. Lakini aliona kidole gumba cha yule binti kikisugua tena na tena doa lisilokuwapo gotini, na akajikuta amesimama.

Akasema yote: friji, soketi, waya katika tundu lisilo lake, fyuzi, jinsi mita ilivyokuwa ikikata njia na kuvifanya vipimo vionekane vimekufa. Akasema hakukausha kitu, kwa kuwa hakukuwa na cha kukauka. Akatamka na lile neno, nimekosea, kwa shida, kama mtu anayetamka jina la ugenini.

Meneja alikuwa mtu mwelewa, na watu waelewa ni hatari, kwa sababu huelewa kabla hujamaliza kusema. Alitabasamu kwa huruma.

"Mzee wangu, damu nzito kuliko maji. Huyu ni mdogo wa mkeo, kila mtu anajua. Ningekuwa wewe, na mimi ningejaribu."

Hakimu akasema si kujaribu, ni kweli. Meneja akaomba mita. Wakaleta kipimo mezani, Hakimu akapachika, na mita ikasoma vizuri mbele ya wote, bila hata kuyumba. Akaeleza kwamba ameshabadilisha fyuzi. Wakauliza ile ya zamani iko wapi, na alipowaambia imeenda tanurini, mtu wa skrini akakohoa ili asicheke. Akaitoa fyuzi mpya kwenye mita na kuwaonyesha jinsi mita inavyosoma sifuri. Meneja akasema kwa upole kwamba hata yeye akitolewa moyo hatafanya kazi, lakini hiyo si dalili kwamba jana alikuwa amekufa. Mtu wa stoo akaongeza kwamba amemfahamu Hakimu miaka mingi, na haiwezekani mtu kama yeye asahau waya kwenye tundu. Aliongea kwa heshima kubwa, na wengine wakaitikia. Walimtetea Hakimu dhidi ya Hakimu mpaka akashindwa.

Shemeji akapewa barua yake na kusindikizwa getini. Hakimu alipewa pole.

Alikwenda kwa mama mkwe jioni ileile, akitarajia kutukanwa, na kwa kweli alikuwa ana hamu ya kutukanwa. Mama mkwe alisimama kumpokea. Akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamwambia habari zimemfikia: jinsi mkwe wake alivyojichafua jina mbele ya wakubwa ili kumwokoa mtoto wake. Mkewe, ambaye hakuwa amemsemesha siku mbili, alimletea maji ya kunawa na kumshika mkono zaidi ya inavyohitajika kumnawisha mtu. Hakimu akasema haikuwa kujichafua, alikuwa mchafu tangu mwanzo. Mama mkwe akamgeukia binti yake mkubwa na kumwambia kwamba mwanaume wa kweli hajisifu.

Shemeji alikuwa uani anaanua nguo. Sare ya kiwanda alikuwa ameifua tayari, ili airudishe ikiwa safi. Hakimu akamfuata, akamweleza upya, polepole, kama anavyowafundisha mafundi wageni: waya, tundu, fyuzi. Binti alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Shemeji, usijisumbue tena," alisema. "Nimefikiri sana leo. Kuna siku moja nilikuwa na haraka, mama alikuwa anaumwa. Nadhani siku ile sikuvifunika vizuri."

"Ulivifunika. Ni mimi, shemeji. Hukufanya chochote."

"Basi, imetosha." Aliikunja sare, akainyoosha kola kwa kiganja, akamkabidhi. "Ukimwona Meneja kesho, mpe hii. Na uniombee radhi kwa vile vipimo."