Datsun Iliyokatwa Paa

Baba aliponikabidhi ile Datsun yake ya zamani, gari la spoti la milango miwili, rangi ya chungwa, nilinuna waziwazi. Kaka yangu Muganyizi anapewa kibanja chenye migomba na kahawa, mimi Kokuberwa napewa gari kuukuu! Jamani!

"Kibanja ni cha ukoo, mwanangu, binti haachiwi," baba alisema. "Lakini gari nililinunua mwenyewe, ukoo hauna neno. Gari za namna hii zimebaki chache, na kila mwaka zinapanda bei. Litunze kama lilivyo. Siku moja litakununulia kiwanja chako."

Nikaitikia ndiyo, baba, huku nimekasirika. Kufika Mwanza nikaliingiza kwenye kazi za harusi. Bibi harusi wa siku hizi anataka asimame garini, shela inapepea, Nyamagana nzima imwone. Sasa kwenye gari lenye paa atasimamaje? Nikamwita Maige, fundi wa kuchomea vyuma hapa Buhongwa, akalikata paa asubuhi moja. Nilimpigia makofi, mpumbavu mimi.

Mwezi haujaisha baba akapiga simu kutoka Muleba, sauti imejaa furaha. Amepata mnunuzi, Bwana Masele wa Arusha, anayekusanya gari za zamani. Wanakuja Jumamosi. Nikakimbia kwa Maige. Lile paa alikuwa ameshaezekea banda la kuku.

"Dada, hata nikilirudisha, mshono utaonekana tu," akasema.

Ningempigia baba nimwambie ukweli. Sikupiga. Nililifunika gari turubai, nikaomba Masele augue malaria asije. Mungu anisamehe.

Jumamosi baba akafika na koti lake la kanisani, kavuka daraja la Busisi na mkungu wa ndizi kwenye buti la basi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mgeni wetu kafika?" Alikuwa hatulii, anachungulia barabarani kila gari likipita.

Masele akaja, akavuta turubai mwenyewe. Utepe mweupe wa harusi ya juzi bado ulikuwa umefungwa mbele. Masele akapitisha kidole pale palipokatwa.

"Lingekuwa zima ningelichukua leo leo," akasema. "Na ningekaa nalo miaka kumi, likazidi kupanda. Gari hizi thamani yake ni kubaki vilevile zilivyotoka kiwandani. Sasa hapa nanunua nini, vipuri? Nani kafanya unyama huu?"

Nikafungua mdomo.

"Mimi," baba akasema. "Joto la huku lilinishinda. Nikataka upepo."

Masele akacheka kwa dharau. "Wazee wetu bwana! Mnakaa na mali, wala hamjui kama ni mali."

Baba, aliyekuwa akilifuta gari lile kila Jumapili baada ya misa, akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu. Nami nikanyamaza. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, tena ya kutosha, nikanyamaza mpaka Masele akaondoka zake.

Tulipobaki wawili nikaangua kilio. Baba akanipa leso yake, akaushika ule utepe.

"Maharusi wanalipenda?"

"Wanalipenda, baba."

"Si haba."

Akakunja turubai taratibu, kisha akasema bila kunitazama, "Muganyizi asijue. Kwenye kikao cha ukoo alisema binti hajui kutunza kitu. Nilimbishia mbele ya watu wote."

Tangu siku hiyo nampigia baba simu nimwombe radhi. Akipokea, naishia kumuuliza kama mvua imenyesha.