Tumbawe kwenye Ndoo

Baba yangu, Mzee Mtoro, alitaka kitu kimoja tu: kurudi Kilwa akiwa hai. Alijua kwetu maiti haikawizwi. Akifia Ifakara tutamzika Ifakara, mbali na mwamba aliovulia pweza enzi za ujana wake, kabla hatujahamia huku. Kaka yangu Said, anayeishi huko Kilwa, aliahidi kuja na gari kumchukua. Siku hiyo baba alioga mapema, akavaa kanzu, akakaa kwenye baraza ya duka langu na begi lake miguuni.

Said alishuka na ndoo yenye mfuniko. "Shikamoo baba. Nimekuletea bahari."

Ndani kulikuwa na maji ya chumvi na tumbawe laini, lile la kahawia lenye umbo la uyoga, limejaa vinyweleo vinavyojikunja ukivigusa. Baba alitumbukiza mkono, vikajikunja, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu mama afariki.

"Haya, tunaondoka saa ngapi?"

Said akaangalia pembeni. "Gari imejaa mchele, baba. Safari ijayo."

Nilitaka kumtemea mate. Mchele umepata kiti, aliyemzaa hakupata.

"Shusha magunia mawili," nikamwambia.

"Mzigo wa watu, Sumayya."

Akaondoka hata chai hakunywa.

Baba alikaa na ile ndoo. Maji yalipoanza kuchafuka nikaona nimsaidie: nikayamwaga, nikachota ya kisimani, nikakorogea chumvi ya dukani mpaka yakawa makali ulimini. Mimi nimekulia huku kwenye mpunga. Nilidhani bahari ni maji na chumvi. Kesho yake tumbawe lilikuwa limelegea, limejaa utelezi, na duka linanuka hadi wateja wanaagizia nje.

Baba alilishika tena. Akasubiri, halikujikunja.

"Tumbawe gumu likifa linaacha jiwe, watu wanajengea nyumba," akasema. "Hili halina mfupa. Linaoza, basi."

"Said amesema safari ijayo, baba."

Nilisema huku siamini. Baba alifuta mkono kwenye kanzu yake safi, akaniuliza taratibu, "Makaburi ya Waislamu hapa Ifakara yako upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole.