Kofia Aliyovuka Nayo Donatille

Simu ya Gakwaya iliita saa nane mchana. Alikuwa mkewe, Donatille, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Papa Hirwa, kuya hapa ku barrière, ku mpaka. Wamenizuiya juu ya kofia."

"Kofia gani?"

"Ile Shyaka alikutumia. Kuya tu. Kuya mbio."

Gakwaya, baba yake Hirwa, alitoka bila kufunga mlango. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa Tabora aliyerudi Rwanda akiwa mtu mzima, na kwa miaka kumi na minane alikuwa akikusanya kofia za jeshi la Ujerumani la enzi za Wanazi. Alikuwa nazo kumi na moja kabatini. Watu wa mbali, wengine asiowahi kuonana nao, walimtumia picha wakitaka kujua kama kofia zao ni za kweli, na hakuwahi hata mara moja kumjibu mtu "ni ya kweli" huku moyo wake ukisita.

Shyaka, binamu ya mkewe, aliuza mitumba Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Kofia ya ajabu ikitokea kwenye robota, alimwekea. Donatille naye alivuka mpaka kila siku kuuza mboga. Akiwa juu ya pikipiki Gakwaya alijilaumu. Vita vilikuwa ng'ambo pale, vilimani, na yeye alijua kuwa vazi la jeshi si kitu cha kuvusha. Alijua, lakini hakuwahi kumwambia Shyaka aache.

Mpakani walimwingiza katika chumba kidogo. Donatille alikuwa ameketi kwenye benchi, beseni lake tupu miguuni. Hakuinua macho. Mezani ilikuwa kofia ya afisa yenye ukingo mweusi unaong'aa, na nyuma ya meza aliketi afisa kijana, Ingabire.

"Muzee, mama anasema hii ni yako."

"Ni yangu. Yeye hajui chochote."

"Ni ya jeshi gani? Iko watu huko ng'ambo wanashona uniforme za jeshi mupya kila siku. Mi nataka kujua ni ya nani."

Gakwaya akaomba ruhusa, akaishika. Akamwonyesha nembo ya tai juu ya swastika, duara la rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu chini yake, kamba za rangi ya fedha za maafisa, na utepe mweupe uliozunguka, alama ya askari wa miguu.

"Ni jeshi la Wajerumani, wakati wa vita vya pili. Vita viliisha miaka themanini iliyopita."

"Wale waliomaliza Wayahudi?"

"Hao hao."

Ingabire akaweka kalamu chini. "Na we unakusanya kofia zao. Hapa Rwanda."

Swali hilo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. "Wanafunzi wangu walikuwa wakisema wauaji wale walikuwa mashetani," alisema. "Nikaleta kofia darasani. Nikawaambia waijaribu. Iliwatosha vichwani. Hawakusema tena mashetani."

Ingabire alichukua tena kalamu. Alivuta karatasi. "Bon. Kama iko ya zamani, ni kitu cha musée, cha makumbusho, mama anaenda nyumbani. Niandike ni ya zamani?"

Donatille aliinua macho kwa mara ya kwanza.

Gakwaya alikuwa amekwisha kuona. Ngozi ya ndani, ile inayogusa paji la uso, ilikuwa safi mno, na mshono ulikuwa umenyooka kupita kiasi. Pembeni mwa meza ilikuwa taa ya zambarau ya kukagulia noti. Uzi wa pamba wa zamani hufifia chini ya taa ile, lakini uzi wa kisasa huwaka. Neno moja tu, "ndiyo," na mkewe angetoka.

"Niazime hiyo taa," alisema.

Akaiwasha. Mshono wote ukang'aa, mweupe kama maziwa.

"Ni mpya," alisema. "Ya kuigiza. Labda ya sinema, labda ya kudanganyia watu kama mimi. Hakuna jeshi linaloivaa leo. Lakini si ya zamani."

Ingabire aliitazama kofia kwa muda mrefu, kisha akaandika. Kofia ilibaki. Kibali cha Donatille cha kuvukia kilibaki pia, mpaka wachunguze.

Walipofika mlangoni kwao Donatille akasimama.

"Ungesema tu ni ya zamani. Nani angejua?"

"Wangeijaribu kwa taa kesho, wakuite mwongo."

"Ao wasingeijaribu." Akaingia ndani.

Siku nne zilipita. Donatille aliketi uani mikono mitupu, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimfanya asimame. Gakwaya alimpigia Shyaka na kumkataza kutuma kitu tena. Kila asubuhi alikwenda mpakani kuuliza, akarudi na jibu lile lile. Alianza kuwaza kwamba pengine alikuwa amelinda jina lake tu, na gharama akamtwisha mkewe. Hilo hakuweza kumwambia.

Siku ya tano walimrudishia kibali cha mkewe. Shyaka alikuwa ameulizwa huko kwake, na robota lake lilikuwa limejaa nguo za maigizo: magauni ya kifalme, ndevu za bandia. Kofia hawakuirudisha, naye hakuiomba.

"Siku ile," Donatille alimuuliza akipokea kibali, "ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa pande zote mbili."

Donatille alikitazama kibali, akakigeuza. "Kesho unanisindikiza."

Asubuhi alimbebea beseni la kabichi hadi mpakani. Ingabire alizigeuza moja moja, bila haraka, huku Gakwaya akiwa amesimama nyuma ya kamba. Kisha akampungia Donatille mkono apite. Donatille alijitwika beseni na kuondoka bila kugeuka, na Gakwaya alibaki pale mpaka kitenge chake kilipopotea kati ya watu.