Siku Nne za Kijani

Vijana wa timu walimwita Mama Lala, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Priscilla Kadzo hakuwa na mtoto wala mume, lakini kila jioni ndiye aliyepita mlango hadi mlango katika nyumba ya timu pale Shella, Malindi, akiwanyang'anya waendesha baiskeli simu zao ili walale. Mmoja wao, Kambi, alikuwa akiificha yake ndani ya kiatu. Mama Lala aliijua harufu ya kile kiatu, na bado aliingiza mkono.

Kazi yake ilikuwa kalenda. Ilibandikwa ukutani sebuleni, pana kama kanga iliyotandazwa, na kila mwendeshaji alikuwa na mstari wake. Nyekundu ilikuwa mbio, buluu mazoezi, kijani mapumziko. Kocha Joram aliishi Nairobi, akipiga simu kila asubuhi kusomewa kalenda, na kwa kusomewa huko ndipo alipoamua nani ashindane na nani akae. Alikuwa na sheria moja isiyopindwa: asiyepata siku nne za kijani mfululizo katika wiki mbili kabla ya mbio, hapandi baiskeli. Joram aliwahi kumwona mtu akisinzia katikati ya mashindano, na kilichofuata hakukisimulia hata siku moja. Alitoa sheria tu.

Priscilla aliiamini sheria ile kwa moyo wote. Ndiyo maana lililotokea lilimuuma kuliko mtu mwingine yeyote, na lilistahili kumuuma.

Mwaro Kiponda alikuwa kijana wa Vitengeni, wa miaka ishirini na miwili, aliyejifunza kukanyaga pedeli kwa kubeba mitungi ya maji kutoka bwawani. Msimu ule alikuwa ameshindana wikendi tatu bila kupumua, na miguu yake ilikuwa imeanza kuwavutia watu wa mbali. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kulikuwa na mbio za kutoka Malindi hadi Kilifi na kurudi, na wazungu wawili wa timu moja ya Ubelgiji walikuwa wanakuja kutazama. Walitaka mtu mmoja tu. Priscilla, Mgiriama wa Ganze, alitaka mtu huyo awe Mwaro. Alilitaka hilo kwa uchu ambao hakumwambia mtu. Alikuwa amechoka kuona watoto wa kwao wakisifiwa kwa nguvu kisha wakiachwa wabebe magunia.

Siku nne za kijani za Mwaro zilikuwa zimeshaandikwa, Ijumaa hadi Jumatatu, wiki moja kabla ya mbio. Alhamisi nyanya yake akafariki.

Mwaro akaenda nyumbani, kama ilivyompasa. Jumapili Priscilla naye alikwenda kutoa pole. Alimkuta nyuma ya nyumba, kifua wazi, akipasua kuni. Wajukuu wa kiume ndio waliochimba kaburi, ndio waliobeba maji, ndio waliokesha na ngoma ya wafiwa mpaka jua likachomoza, kwani hanga la mtu mzima, yaani mkesha wa matanga yake, haliachwi lipoe. Viganja vya Mwaro vilikuwa vimechubuka. Macho yalikuwa mekundu, na yalichelewa kidogo kumtambua mgeni wake.

"Umelala wewe?" Priscilla akamuuliza.

"Hangani, dada? Nilale nichekwe?" Mwaro akatua shoka. "Lakini baiskeli si nimeshuka? Basi utaniandikia kijani."

Akacheka. Priscilla naye akacheka, Mungu amsamehe, akaketi mkekani na akina mama, akala wali aliopewa.

Jumanne Mwaro akarudi Shella. Asubuhi ya Jumatano Priscilla alimpima mapigo ya moyo kabla hajaamka kitandani, kama alivyowapima wote. Kwa kawaida moyo wa Mwaro ulipiga mara arobaini na nne kwa dakika. Siku ile ulipiga mara sitini na moja. Akampima tena, akapata sitini na mbili.

"Mwaro, Jumamosi hupandi."

Kijana akakaa kitako. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Dada Priscilla, wale watu hawarudi. Mwakani nitakuwa nani? Mwakani watamtazama mwenzangu Tevin. Kwenye kalenda yako siku zile zina rangi gani?"

"Kijani. Niliziandika kabla ya msiba."

"Basi usiandike kitu. Ziache zilivyo."

Hilo ndilo lililomponza Priscilla. Hakuombwa kudanganya. Aliombwa kutogusa kalamu. Alisimama mbele ya ukuta, akaviangalia vile visanduku vinne, na kalamu ya kufutia alikuwa nayo mkononi. Simu ikalia.

"Mwaro alipumzika?" Joram akauliza. "Nasikia alikuwa na msiba."

"Alikuwa nyumbani siku nne, kocha. Hakugusa baiskeli."

"Poa. Kwao ni kuzuri, ametulia kidogo. Na moyo?"

"Arobaini na sita," akasema Mama Lala.

Kwao Joram mtu huzikwa mchana na waombolezaji hulala vitandani mwao. Hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Priscilla alilijua hilo, na ndilo alilolitumia.

Jumamosi mbio zilianza saa moja asubuhi. Mwaro alikwenda vizuri hadi Kilifi, akageuza akiwa wa tatu, na Priscilla, ndani ya gari la timu, akaanza kujiona mjanja. Dereva wao, Gona, alikuwa akipiga mluzi. Walipokaribia Matsangoni waliona matawi ya majani mabichi yamewekwa barabarani, na hatua chache mbele yake lori lililoharibika. Kila mtu pwani hii anajua matawi yale yanasema nini. Waendeshaji wawili wa mbele waliyaona, wakakwepa. Mwaro alipita juu yake. Hakukwepa, hakugusa breki, hakuinua kichwa. Aliliingia lori moja kwa moja kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Gona aliacha kupiga mluzi. Priscilla alikuwa wa kwanza kumfikia, na hapakuwa na la kufanya.

"Alilala," Tevin akawa anasema na kusema, akilia kando ya barabara. "Nilikuwa nyuma yake. Nilimwita. Alilala huyu."

Walimzika Vitengeni, hatua kumi kutoka kwenye udongo wa nyanya yake ambao ulikuwa bado mbichi. Joram alikuja kutoka Nairobi. Kaburi lilichimbwa na binamu za Mwaro pamoja na vijana wa timu, kwani Kambi na Tevin walikataa kusimama pembeni. Baada ya maziko hawakuondoka. Kambi alipasua kuni palepale aliposimama Mwaro, kwa shoka lilelile, na Tevin alikuwa katika safari ya nne ya bwawani na mitungi.

Joram alimfuata Priscilla mkekani, alipokaa karibu na mama yake Mwaro. Akachutama, akasema kwa sauti ya chini:

"Nimefikiria. Hawa vijana wamevunjika moyo, na tuna mbio baada ya siku kumi na mbili. Wacha wakae hapa siku nne wapumzike. Waandikie kijani."

Priscilla alitazama chini. Alikuwa amejipangia kunyamaza. Hakuna aliyejua kuhusu sitini na moja, na hakuna ambaye angejua.

"Kocha," akasema, "matangani hakuna anayepumzika."

Joram akageuka. Akamtazama Kambi na shoka. Akamtazama Tevin akitua mitungi na kuokota mingine mitupu. Akaendelea kutazama, na Priscilla akaona uso wake ukibadilika polepole, ukihesabu Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

"Uliniambia alikuwa nyumbani."

"Alikuwa nyumbani. Alikuwa akifanya vile. Nilimwona kwa macho yangu. Na moyo wake haukuwa arobaini na sita."

Joram aliinuka, akatembea hadi kwenye gari lake, akasimama ameegemea mlango bila kuufungua.

Mama yake Mwaro alikuwa amesikia yote. Tangu asubuhi hakuwa amezungumza na mtu. Sasa akamgeukia Priscilla, na usoni mwake hamkuwa na hasira, hasira ambayo Priscilla angeipokea kwa shukrani.

"Mimi nilimwambia akajilaze kwa jirani, hata kidogo," akasema. "Siku ileile ulipokuja, ulipokwisha kuondoka. Alikataa. Akaniambia, 'Usijali, mama. Usingizi Priscilla ataniandikia.'"