Wanaume Saba wa Mchanga

Mathilde aliitwa kwenye klabu ya gofu kushona vitambaa vya viti, basi. Klabu hiyo ya watu binafsi, pembeni mwa Lilongwe, ilikuwa inatimiza miaka sabini. Alipata kibali cha siku tano cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, akaweka cherehani yake ukumbini, chini ya picha za zamani.

Kabla ya kuwa fundi, alikuwa amefundisha historia Bukavu, Kongo, miaka kumi na mmoja. Siku ya pili akaanza kusoma kuta. Wakulima wa tumbaku walianza na mashimo tisa mwaka 1954. Kuzunguka kila shimo hapakuwa na majani, ila mchanga uliomwagiwa oili chafu. Kila mzungu pichani alikuwa na jina lake. Nyuma yao walisimama wanaume saba miguu mitupu, na magunia ya kusawazishia mchanga. Chini yao paliandikwa: wafanyakazi.

"Hawa ni nani?" alimuuliza Bambo, yaani Bwana, Kachale, katibu wa klabu.

"Nani anajua sasa? Na kitabu chetu cha historia kinachapwa Ijumaa."

Jioni alimpigia simu mumewe Faustin, aliyebaki kambini, akamsimulia kwa Kiswahili cha kwao Bukavu.

"Mama Bora, we ulienda kushona ao kufundisha?" Faustin aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Byote bibili. Bale bantu balivuta mchanga miaka yote, na hata jina habana?"

Mpishi wa klabu alimwelekeza mtaa wa Mtandire, kwa Bambo Saizi, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa wale saba. Saa ya chakula Mathilde alipanda kabaza, baiskeli ya abiria, akamwonyesha picha kwenye simu. Mzee aliitazama kitambo.

"Wa kushoto ni baba. Walipoanza kupokea wanachama weusi, mgongo wake ulikuwa umeshapinda."

Alitaja watano, na Mathilde akaandika majina yao kwenye karatasi. Wawili hakuwakumbuka.

Kachale alisoma ile karatasi mara mbili. "Kamati itauliza majina yametoka wapi."

"Waambie Mtandire."

Kitabu kilitoka na majina matano, na mara mbili: hajulikani. Siku ya sherehe kibali cha Mathilde kilikuwa kimeisha, lakini Kachale alimtumia nakala mbili. Moja akaipeleka kwa mzee kupitia dereva wa minibasi.

Mzee alipiga simu. Jina la baba yake lilikuwa limekosewa herufi moja.

Ile karatasi Mathilde aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake. Akaomba radhi.

"Wajukuu wamelisoma kwa sauti," mzee alisema. "Herufi nimewasahihishia kwa kalamu."