Rangi ya Kucha kwenye Friji

Kabla hajaniruhusu kuigusa kompyuta yake, Mama Magreth alitoa mkobani chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akapaka kila skrubu. Alipaka taratibu, akapuliza ikauke, na mimi nimesimama na bisibisi mkononi nikimtazama. Halafu akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa na miguu yangu.

"Haya fundi," akasema. "Sasa fanya."

Na mimi sikuwa nimekuja kufungua skrubu hata moja.

Alikuwa na sababu zake. Jina langu, Lupakisyo, lilikuwa halitajwi peke yake. Lilifuatana na la Simoni, aliyenifundisha kazi ya friji pale Mikumi. Simoni aliwachomolea wenye nyumba za wageni kompresa nzima, akawawekea zilizochoka, kisha akadandia lori la Tunduma na hakuonekana tena. Mimi nikabaki na lawama zote. Kila nilipopiga hodi naulizwa kwanza kama Simoni amerudi. Mikumi kazi ziliniishia kabisa. Hii ya Kilosa ikiharibika, ingenibidi nirudi kwetu Munisagara kulima na baba, na jembe mimi silipendi.

Mama Magreth, Verdiana kwa jina lake, alikuwa katibu muhtasi kwenye shamba la mkonge. Shamba likauzwa kwa tajiri mpya, watu wakapunguzwa, naye akapunguzwa. Akaleta kompyuta ya mtumba kutoka Dar es Salaam, akafungua chumba cha kuchapa Magomeni ya Kilosa, cha kwanza mtaa ule. Alichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya shule. Tatizo lilikuwa bati. Chumba hakina dari, na ikifika saa saba mchana kompyuta inajizima yenyewe kwa joto, alichochapa kinapotea. Mashine ile ndiyo iliyomlisha na kumsomesha Magreth, na hakuwa na nyingine.

Mimi nilikuwa na kiyoyozi cha dirishani kilichong'olewa kwenye nyumba ya wageni Mikumi, baada ya nyani kukibomoa kwa nje. Nilikuwa pia na friji kuukuu, injini imekufa ila mwili mzima, mlango wake unafungwa kwa ufunguo. Nikafikiri, kupoza chumba kizima chini ya bati tupu ni kuchoma umeme bure. Kwa nini nisiipoze kompyuta peke yake?

Nikakivua kiyoyozi bodi, nikayakunja mabomba yake pole pole bila kuyakata, gesi isitoke. Koili ya baridi na feni yake zikaingia juu ndani ya friji, kompresa ikabaki nje. Kompyuta nikailaza kwenye rafu ya chini, waya zikatokea ubavuni kwenda kwenye skrini na kibodi mezani. Chini ya koili nikaweka sinia la bati la kukinga maji, maana koili ya baridi hutoa jasho, na kwenye sinia nikaunga mpira mwembamba unaotokea kitunduni nyuma ya friji na kudondoshea kwenye ndoo.

"Kitundu hicho cha nini?" akauliza.

"Cha maji, mama."

"Maji ya wapi, na humo hujaweka maji?"

Nikamweleza, nikamweleza tena. Akakitazama kitundu, kisha akavitazama vidole vyangu. Nilipoenda msalani alinisindikiza mpaka mlangoni. Mzee Evarist, gadi mstaafu wa treni mwenye duka ukuta wa pili, alikuja na kiti chake mwenyewe.

"Mwanafunzi wa Simoni huyu," akamwambia Mama Magreth mbele yangu, utadhani mimi gogo. "Usipepese macho."

Hasira zilinipanda, nikazimeza. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitikia, macho hayabanduki mikononi mwangu.

Basi ikafanya kazi. Kompyuta ilishinda inachapa mchana kutwa. Watu wakaja na barua zisizo na haraka ili tu waione mashine iliyolazwa kwenye friji, na wengine wakaomba wawekewe soda pembeni yake. Mama Magreth akaufunga mlango wa friji, akapaka rangi ya kucha kwenye ukingo wake, na ufunguo akautia kifuani. Nilirudi kuangalia gesi mara moja tu, kwa nje, nikaondoka zangu Mikumi nikijiona fundi mwenye jina lake.

Masika ilipokolea, dereva wa lori la mbao akanifikishia ujumbe. Kompyuta imekufa. Mama Magreth anasema nirudishe nilichochomoa, la sivyo anakwenda polisi.

Njia nzima, mpaka tunapita kijiji cha Ulaya, nilikuwa najitetea moyoni. Nilimshuku Mzee Evarist na lile jicho lake. Nilimshuku Mama Magreth mwenyewe, labda ameuza kitu cha ndani na anatafuta wa kumsingizia. Nilipofika nilimshuku kila mtu aliyekuwa pale barazani, na walikuwa wengi.

"Uliingiza waya kwa kile kitundu," Mama Magreth alinianza kabla sijamwamkia. "Siku ile uliyokuja kuangalia gesi, nilitoka kidogo kumwitikia mteja."

"Mama, mimi siigusi. Fungueni nyinyi, mimi nimekaa."

Nikakivuta kile kigoda chake, nikakalia mikono yangu. Mzee Evarist akainama, akaukagua ukingo wa mlango. Rangi haikuwa imepasuka popote. Mama Magreth akatoa ufunguo, akafungua, na maji yakamwagikia miguuni pake.

Sinia lilikuwa limejaa pomoni na kufurikia juu ya kompyuta. Mzee Evarist akavaa miwani, akatazama skrubu moja baada ya nyingine.

"Rangi ipo yote," akasema, na sauti yake ilionyesha amesikitika. Alitaka nipatikane na hatia.

"Basi maji haya yametoka wapi?" mtu akauliza barazani.

Hapo nikainuka. Nyuma ya friji, ndoo ilikuwa kavu, ina vumbi. Nikaushika mpira, nikakipapasa kitundu chake, nikachomoa kitambaa kilichoviringishwa kikashindiliwa kwa nguvu. Kilikuwa cha khanga, njano yenye maua meusi. Skrini pale mezani ilikuwa imefunikwa khanga hiyo hiyo, pembe moja imekatwa.

Mama Magreth alikitazama kile kitambaa mkononi mwangu.

"Nilikiziba kitundu," akasema. "Siku ile ya gesi, ulipoondoka tu. Nilifikiri mtu anaweza kupitisha waya..." Akakaa sakafuni, pale pale kwenye maji.

Nilikuwa nimeiomba siku hiyo kwa Mungu, na kwa kitambo kidogo nilifurahi sana. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yeye, na ya Mzee Evarist nilikuwa nayo mengi zaidi. Halafu nikaiona kompyuta inavyochuruzika, nikakumbuka Magreth yuko shuleni kwa sababu yake. Maneno yote nikayaacha.

"Inaweza kupona?" akauliza.

"Kuna jamaa Mikumi, Donati, anazijua hizi. Itafunguliwa, ikaushwe kipande kwa kipande. Kilichoungua kitabadilishwa."

Kubadilishwa. Hata mimi nililisikia neno lenyewe, lilivyofanana na kazi ya Simoni, na watu barazani wakatazamana. Mama Magreth akainuka. Akaifuta kompyuta kwa khanga, kisha mbele ya wote akaanza kubandua rangi kwenye skrubu kwa ukucha, moja baada ya nyingine, mpaka ikaisha. Akainyanyua, akanipa.

"Chukua, fundi. Mimi siji. Nimekuamini."

Tangu Simoni akimbie nilikuwa nalingoja neno hilo. Lakini sikuipokea kompyuta. Niliwaona wale watu, nikamwona Mzee Evarist na miwani yake, nikajiona narudi na kompyuta yenye kipande kingine ndani na kila mmoja akiniuliza cha zamani kiko wapi.

"Siibebi, mama."

"Nimeshasema nimekuamini."

"Nimesikia. Paka rangi kwanza, halafu twende wote."

Machozi yalimlenga. Kisha akatoa ile chupa. Rangi ikamwagikia pembeni ya skrubu, naye akapuliza ikauke, na mimi nikasubiri.

Lori la mbao lilipoondoka kurudi Mikumi, tulikuwa wote wawili nyuma. Yeye alikuwa ameipakata kompyuta, na mimi nimepakata kigoda chake.