Salamu Iliyokwama Hewani

Efrazia alimhamisha Shukuru kutoka paja la kulia kwenda la kushoto, akamrudishia titi, akaendelea kukaza skrubu za kopo la tatu kwa mkono uliobaki. Kibanda cha mabati chini ya mnara, juu ya kilima kinachotazama Manundu, kilikuwa kimeanza kupoa. Faudhia alimmulikia kwa kurunzi. Mzee Mhina, mwenyekiti wa kikundi chao cha wapenzi wa redio, alikaa juu ya ndoo akitafuna muwa.

Humo kibandani ndimo ilimokaa ripita yao, chombo kinachodaka sauti dhaifu ya redio ya mkononi kutoka Handeni au Mkumbara na kuirusha upya kwa nguvu. Huko ndani ambako simu hukatakata, watu waliitumia kuita msaada. Lakini mnara huohuo ulibeba mtambo wa kituo kimoja cha matangazo, na tangu ulipofungwa, ripita ilikuwa kama mtu anayeitwa mlangoni huku ngoma inapigwa sebuleni. Kikundi kililalamika. Wakajibiwa kwamba mnara ni wa wote.

Juma lililopita Efrazia alikuwa amefunga kikuza mawimbi alichojifunza kukitengeneza kwenye masomo ya jioni. Alikiwasha kwa matumaini makubwa. Ripita ikaanza kurusha matangazo ya magodoro ya kituo kile mpaka Handeni.

"Mama Shukuru, umemlisha mwizi pamoja na mwenye nyumba," Faudhia alisema, akicheka mpaka akaketi.

Ndipo Efrazia alipoelewa kwamba chujio hutangulia, kikuza mawimbi hufuata. Akaunda chujio la makopo matatu ya alumini, kila moja na bomba la shaba katikati, lipitishe mawimbi yao na kuyazuia yale ya kituo.

Sasa alikaza skrubu ya mwisho, taratibu, kama anayemtoa mtoto usaha sikioni. Magodoro yakafifia. Yakanyamaza. Ukimya ulioingia ulikuwa mpana hata Mzee Mhina akaacha kutafuna.

Kisha zikaja sauti, nyingi, ndogondogo, kila moja mahali pake kama nyota. Mwanamume mmoja wa Handeni aliomba gari, mwanawe kaumwa na nyoka, na daraja limechukuliwa na mvua za Elnino.

"Huyo ni Semboja," alisema Mzee Mhina. "Mtoto yule tulimzika. Na yeye mwenyewe tulimzika."

"Anasikika vizuri," Faudhia alisema.

"Sauti isiyopokelewa haiozi," Mzee Mhina alijibu. "Inagonga milima ya Usambara, inarudi, inagonga tena. Viziwi tulikuwa sisi."

Efrazia alisogeza sikio karibu na spika. Alitamani mwanawe awe mkubwa kidogo ili ayakumbuke haya.

"Shikamoo mpokeaji," ikasema sauti ya msichana. "Naitwa Ritha. Niko zahanati ya shamba la mkonge, njia ya Mkumbara. Uchungu umenishika tangu jana. Naomba gari."

Ritha lilikuwa jina la mama yake Efrazia. Alikufa na mimba ya pili katika zahanati hiyohiyo, Efrazia akiwa hajaimarika miguu. Aliachiwa picha moja na kitenge. Sauti hakuachiwa.

"Mjibu," alisema Mzee Mhina. "Shikamoo haiachwi hewani."

"Nimwambie marahaba, mzee? Mama yangu?"

"Kwa sauti hiyo ni mdogo wako," Faudhia alisema. "Huyo hajafika hata ishirini na moja."

"Awe wa umri wowote, ndiye aliyemzaa," alisema Mzee Mhina. "Mtoto hapokei shikamoo ya mama yake."

Efrazia akabonyeza kitufe. "Shikamoo, mama."

Akaachia kitufe.

"Marahaba," Ritha alijibu, kwa haya, kama asiyezoea. "Gari linakuja?"

Efrazia akampigia simu mtu wa zamu wa hospitali. Akaambiwa gari la wagonjwa limepeleka wakubwa mkutanoni Tanga. Litarudi lini? Likirudi.

"Mama, umesikika," alisema. "Ila gari limekwenda mkutanoni."

"Haya. Nangoja."

Shukuru, aliyekuwa amepoteza titi, akaangua kilio.

"Nani huyo?"

"Mjukuu wako."

Ritha alikisikiliza kilio chote mpaka mwisho wake.

"Mpe kwanza anyonye," alisema. "Mimi nipo."

Kikundi kikakubaliana kwamba walio hai wapokelewe kwanza, kisha marehemu. Hakuna aliyepinga. Kila magharibi Efrazia hupanda kilimani na Shukuru mgongoni, akamsalimu mama yake, akamweleza meno yaliyoota. Mzee Mhina huongea na Semboja habari za mahindi.

Jana, katikati ya mazungumzo, mwanamke mmoja wa ndani huko Handeni aliingia hewani. Alikuwa hai. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi, naye aliomba gari.

"Mpokee huyo, mwanangu," Ritha alisema. "Mimi nina nafasi."

Efrazia akampigia simu mtu wa zamu. Gari lilikuwa limekwenda mkutanoni. Faudhia akaanza kumtafuta Sufiani, mwendesha bodaboda, akamchukue mwanamke huyo, na Efrazia akarudi kwenye redio, ambako mama yake alikuwa tayari akimfundisha yule mwanamke namna ya kupumua. Wote wawili walisikika vizuri kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja.